Cheti cha Kugusa Kompyuta

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Ramani yake ilichorwa zamani, ila imekaa mezani kwa mkubwa fulani ikisubiri saini. Kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta, wala asiifananishe na nchi yoyote anayoijua. Ina mlima mmoja, chuo kikuu kimoja na Rais mmoja, na vyote vitatu tunaviheshimu sawasawa, ingawa mlima hauna king'ora.

Mimi naitwa Yordani Mpeta, karani wa vikao wa chuo hicho. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuandika kumbukumbu: nani alihudhuria, nani alitoa udhuru, nani alimpongeza nani. Nasema haya mapema ijulikane kwamba mimi ni mtu wa kuandika yaliyotokea, si mtu wa kuyasababisha. Ndivyo nilivyojidhania.

Mwaka ule Rais alisafiri ughaibuni, na katika uwanja wa ndege wa watu akaona jambo lililomgusa moyo: hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebeba faili kwapani. Aliporudi alitangaza kwamba ifikapo Siku ya Ushindi nchi yetu itakuwa Nchi Isiyo na Karatasi. Tangazo hilo lilichapwa nakala elfu sitini na kubandikwa kila ukuta.

Chuo kikapewa heshima ya kutangulia. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Luvinzu, alitukusanya ukumbini akatusomea waraka. Kila mtumishi, kuanzia profesa hadi mkata majani, atahudhuria mafunzo ya kompyuta kwa siku kumi. Atakayefaulu atapewa cheti. Asiye na cheti hataruhusiwa kugusa kompyuta, na akiigusa atakuwa ametenda kosa la nidhamu. Akaeleza kwamba kompyuta si kama redio, ambayo hata mlevi anaweza kuifungulia. Kompyuta inamtambua mtu asiye na cheti. Tulipiga makofi. Nikaandika: wajumbe walipiga makofi.

*

Kompyuta mpya arobaini zilipangwa ukumbini, kila moja imefunikwa kitambaa cha buluu chenye nembo ya taifa. Mkufunzi Mkuu alikuwa Bwana Gervas Kitunguru, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa kitengo cha maua na mapambo ya sherehe za kitaifa. Siku ya kwanza alitufahamisha kwamba vitambaa vile havitaondolewa mpaka Waziri aje kuzindua, na Waziri angekuja mafunzo yakishakwisha. Tusiwe na wasiwasi, alisema. Mtu hujifunza vizuri zaidi kitu asichokiona, ndiyo maana imani ina nguvu.

Tukagawiwa vipande vya boksi vilivyochorwa kibodi kwa kalamu ya wino. Maprofesa walipewa vyenye herufi zote na namba. Sisi wa kada ya kati tulipewa herufi bila namba. Madereva na wahudumu walipewa irabu tu, kwa maelezo kwamba konsonanti zingefuata awamu ya pili. Kuanzia saa mbili asubuhi ulisikia vidole vikigonga maboksi, na upande wa madereva sauti zikisoma kwa utiifu a, e, i, o, u, kama darasa la awali, na wengine walikuwa na wajukuu.

Siku ya tatu ulizuka ubishi iwapo kile kidude cha kushika mkononi kiitwe kipanya au puku. Iliundwa kamati, nami nikachukuliwa kuandika kumbukumbu zake. Ilikaa siku nne, ikaamua kiitwe kifaa husika. Hizo siku nne za mafunzo zilinipita, lakini niliandikwa kuwa nimehudhuria, kwa kuwa nilikuwa nje kwa ajili ya mafunzo yenyewe.

Katika safu yangu alikaa Dokta Nuruana Kihiyo. Huyu ndiye aliyekuwa akifundisha wanafunzi sayansi ya kompyuta kwa miaka kumi na mmoja. Waraka ulisema kila mtumishi, naye alikuwa mtumishi, basi akaketi na boksi lake mapajani. Siku ya pili aliomba kwa adabu tuinue walau pembe ya kitambaa kimoja. Bwana Kitunguru akamuuliza kama ana cheti. Akajibu ana shahada tatu. Bwana Kitunguru akamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba shahada si cheti.

Kando yake alikaa Mama Skola. Jina lake kamili ni Skolastika Mbonde, karani wa ofisi ya mitihani, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na saba aliyebakiza mitatu kustaafu. Alitunza alama za wanafunzi kwa miaka ishirini na sita. Ilijulikana chuo kizima kwamba aliwahi kusafiri kwa basi siku mbili mpaka kijijini kwa mhitimu mmoja ili tu akahakikishe jina lake linaandikwa kwa herufi l au r, kwa sababu waajiri walikuwa wanamrudisha kijana yule mlangoni.

Mama Skola alitaka kujifunza kweli. Aliona kwamba baada ya Siku ya Ushindi zile alama zake zitakuwa ndani ya mashine, na akaogopa kuziacha huko peke yake. Alimwomba Dokta Nuruana amfundishe. Kila adhuhuri, wenzao wakienda kula, hao wawili walijifungia ofisini kwa Dokta na kompyuta yake binafsi, ya zamani, iliyokosa kitufe kimoja, wakala mihogo ya kuchemsha huku wakisoma. Nilipita mara mbili nikawaona kupitia dirishani. Niliwahurumia. Walikuwa wanapoteza muda kwa mambo yasiyotoka kwenye mtihani.

*

Mtihani ulikuwa na maswali kumi. La kwanza liliuliza nani ana mamlaka ya kuwasha kompyuta. Dokta Nuruana aliandika kwamba ni mtu yeyote, kwa kubonyeza kitufe. Jibu sahihi lilikuwa mgeni rasmi. Aliendelea kujibu kwa namna hiyo mpaka mwisho, akapata kumi na tisa kwa mia.

Swali la kumi liliuliza: Je, umeyaelewa mafunzo haya? Mama Skola aliandika: "Bado. Kompyuta hatujaiona." Bwana Kitunguru alisema jibu hilo lina makosa mawili, la maudhui na la heshima, na kwa kosa la pili akafuta alama zote alizopata maswali tisa ya kwanza.

Kati ya watumishi mia nane, wawili hao tu ndio walioanguka. Mimi nilipata tisini na nne, nikapigwa picha. Mwezi haukuisha, Dokta Nuruana akachukuliwa na chuo cha nchi jirani, ambako nasikia sasa wanamwita profesa. Katika kumbukumbu niliandika kwamba ameondoka kwa sababu za kiafya. Ndivyo nilivyoelekezwa.

Waziri akaja, akavuta vitambaa, na kompyuta zikaonekana kuwa nzima kabisa. Jambo hilo lilituduwaza sana, maana wengi wetu tulikuwa hatujui tufanye nini na kitu kizima.

Kwa alama zangu tisini na nne nilikabidhiwa kazi nyeti: kuingiza matokeo ya mwaka wa mwisho wa Kitivo cha Tiba, wanafunzi mia tatu na kumi na wawili. Majina yalikwishawekwa kwenye mfumo. Yalibaki kujazwa alama. Mama Skola aliamriwa akae nyuma yangu, hatua tatu kutoka kwenye kompyuta, anisomee alama kutoka kwenye karatasi. Alisoma taratibu na kwa sauti wazi. Nami nilidonoa kwa kidole kimoja, kama kuku.

Tulipofika kwa mwanafunzi aitwaye Kisimbo, kidole kiliteleza. Alama za Kisimbo zikaingia mara mbili, kwenye mstari wake na kwenye mstari uliofuata. Niliona. Sikujua namna ya kufuta, na kumuuliza mtu asiye na cheti niliona haya. Mama Skola akaniuliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee.

Tangu hapo kila mwanafunzi alipata alama za mwenzake aliyemtangulia. Mwishoni zilibaki alama zisizo na mwenyewe. Nikajiambia ni ziada.

*

Wiki mbili baada ya matokeo kutangazwa, aliingia ofisi ya mitihani mwanafunzi mrefu, amekonda, kola ya shati imechakaa. Alimwamkia Mama Skola shikamoo, akasema anaitwa Eliakimu Kitundu na amekuja kulalamika kwamba amefaulu.

Mama Skola alidhani amesikia vibaya. Eliakimu akarudia. Mtihani wa upasuaji alikuwa ameacha nusu ya karatasi nyeupe, kwa kuwa siku zile alikuwa anamuuguza baba yake na hakusoma. Alijua ameanguka, akajiandaa kurudia mwaka. Matokeo yakampa tisini na moja. Sasa alikuwa na barua ya kupangiwa hospitali ya wilaya, aripoti baada ya wiki mbili.

"Mama, nitapewa kisu," alisema. "Mtu atalala mezani, nami nitapewa kisu."

Alikwishazunguka ofisi tano. Kila mahali walimpongeza.

Mama Skola alifungua stoo ambako karatasi zilifungwa zikisubiri kuchomwa Siku ya Ushindi. Haikumchukua nusu saa. Tisini na moja ilikuwa ya Fides Kisinza, binti aliyeongoza darasa miaka minne mfululizo. Na Fides alikuwa amebandikiwa alama za Kisimbo, kijana aliyeacha kuingia darasani tangu Januari. Fides alikwishafukuzwa chuo, maana kwa alama za Kisimbo hata kurudia mwaka hakuruhusiwi. Aliondoka na sanduku lake bila kulalamika, kwa sababu fomu ya malalamiko ilikuwa ya karatasi na ilikwishapigwa marufuku, na ile ya kompyuta ilikuwa haijaundwa.

Mama Skola hakwenda kwa wakubwa. Alikuja kwangu. Alifunga mlango, akaniwekea karatasi mbele yangu na kidole chake juu ya jina la Kisimbo.

"Ni hapa, kaka Yordani," alisema. "Kuanzia hapa."

Nilimwomba asimwambie mtu. Akasema hana haja ya kumwambia mtu, ana haja ya kurekebisha, na kurekebisha anajua. Nimpe tu neno langu la siri aingie. Nikakataa. Nilikuwa nimeapa mbele ya bendera kutolitoa neno lile, na zaidi ya kiapo, nilikuwa na watoto watatu shuleni. Kisha nikasema nakwenda kunywa chai, nikatoka, na kompyuta nikaiacha wazi.

Siku tatu mfululizo nilikunywa chai kwa muda mrefu mno. Alirekebisha mstari mmoja mmoja, karatasi upande wa kushoto, miwani puani. Siku ya tatu, akiwa amebakiza majina kumi na sita, Bwana Kitunguru alipita nje ya dirisha akikagua maua. Akaona vidole vya mtu asiye na cheti juu ya kibodi.

*

Kamati ya Nidhamu ilikaa Jumanne. Mwenyekiti alikuwa Profesa Luvinzu mwenyewe. Mimi niliketi mwisho wa meza na daftari langu, maana kumbukumbu za vikao zilikuwa bado zinasubiri mfumo wake.

Eliakimu aliitwa, akaeleza kwamba alama za mwanzo hazikuwa zake na hizi za sasa, thelathini na mbili, ndizo zake hasa. Mwenyekiti alimsifu kwa unyenyekevu wake, sifa adimu kwa madaktari wa siku hizi, akamruhusu atoke.

Mama Skola alikiri kila kitu. Alileta karatasi, akaomba wajumbe walinganishe. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba karatasi si ushahidi tena katika nchi hii. Kisha akauliza nani alimfungulia kompyuta.

Kalamu yangu ilisimama. Mama Skola hakunitazama hata kidogo. Alitazama mikono yake.

"Niliikuta wazi," alisema.

Nikaandika: alijibu kwamba aliikuta wazi. Mwandiko wangu hapo ni mzuri kuliko mahali pengine popote kwenye ukurasa ule. Nimeurudia kuutazama mara nyingi.

Hukumu ilisomwa kabla ya chakula cha mchana. Profesa Luvinzu alisema suala si alama zipi ni za kweli. Suala ni alama zipi ni halali. "Kosa lililoingizwa na mwenye cheti ni tokeo," alisema. "Usahihi ulioingizwa na asiye na cheti ni uharibifu." Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuona alivyopambanua. Ikaamuliwa Bibi Skolastika Mbonde aachishwe kazi siku hiyo hiyo, na matokeo yarudishwe kama yalivyokuwa mwanzo. Atakayeyarudisha ni mtumishi mwenye cheti aliyeyaingiza, yaani mimi.

Hapo nikalazimika kuinua mkono. Nilieleza, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, kwamba sijui namna ya kuyarudisha.

Wajumbe walinong'onezana. Ikaonekana kwamba katika chuo kizima aliyejua kuhamisha mistari ile ni mtu mmoja tu, na ndiye aliyefukuzwa muda mfupi uliopita. Basi kamati ikaamua kwamba kama wajibu wake wa mwisho, kabla ya kukabidhi funguo, Bibi Mbonde anielekeze.

Alinielekeza. Nilidhani angenung'unika, au angenifundisha vibaya kwa makusudi, lakini alinifundisha kama alivyofundishwa na Dokta Nuruana, kwa subira, akisimama zile hatua tatu nyuma ya kiti changu. Alinionyesha namna ya kuteua, kuhamisha, kufuta, kurudisha ulichokifuta. Nilipokosea alisema tuanze tena. Bwana Kitunguru alisimama mlangoni. Kwa saa moja nikajifunza yote ambayo siku kumi za maboksi hazikunifundisha, na naona aibu kusema kwamba nilifurahi. Mistari ilinitii.

Kisha pakabaki kitufe kimoja cha kuthibitisha. Nikageuka kumtazama.

"Mimi yangu ni kufundisha," alisema. "Kubonyeza ni kwako."

Nilibonyeza. Fides akaanguka tena, Eliakimu akawa bingwa wa upasuaji. Mama Skola aliweka funguo mezani, akachukua mkoba wake.

"Umejifunza upesi," aliniambia, akatoka.

*

Siku ya Ushindi karatasi zilichomwa kwa gwaride. Lakini zile za Kitivo cha Tiba zilikuwa chini ya gari langu, kwenye tundu la tairi la akiba. Sijui kwa nini nilizichukua. Wakati ule nilijiambia ni kwa ajili ya kufungia samaki.

Siku ya kumi na moja baada ya hukumu, saa nne asubuhi, Eliakimu alinipigia simu ofisini, kwa kuwa ofisi ya mitihani hakukuwa tena na mtu wa kumsikiliza. Alikuwa ameripoti hospitali ya wilaya. Aliletwa mama mjamzito, mtoto amekaa vibaya, na wauguzi wakamwita dokta. Alijifanya anaumwa tumbo akajifungia chooni. Mkunga mmoja mzee ndiye aliyemwokoa mama yule na mwanawe. Eliakimu alikuwa bado chooni aliponipigia. Aliniambia kesho kuna mwingine ameandikiwa upasuaji, na chooni hawezi kukaa maisha yake yote.

Nilikata simu nikakaa. Sikuwa nafikiri jambo kubwa. Nilikuwa natazama ukutani, kilipotundikwa cheti changu chenye fremu, na polepole likanijia jambo dogo la kiutaratibu, la aina niliyoizoea. Dokta Nuruana alikuwa na ujuzi bila cheti. Mama Skola vivyo hivyo. Watumishi mia saba na tisini na saba walikuwa na cheti bila ujuzi. Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Nilikwenda kwenye gari nikaleta karatasi. Nilifanya kazi mchana kweupe, mlango wazi, mpaka saa kumi. Nilipobonyeza, mfumo uliandika kwamba matokeo yamesahihishwa na Y. Mpeta, ana cheti, ukakubali. Bwana Kitunguru alipita akanisalimia.

Eliakimu aliitwa chuoni arudie mwaka. Alikuja na basi la kwanza. Mkutano wa mwezi uliofuata, Profesa Luvinzu alinisimamisha mbele ya watu, akasema kwamba kosa lililosahihishwa na mwenye cheti ni ushahidi wa mafanikio ya mafunzo. Nikapewa barua ya pongezi. Nikauliza kama Mama Skola sasa aweza kurudi kazini. Nikajibiwa kwamba yeye hakufukuzwa kwa sababu ya alama, alifukuzwa kwa sababu ya kugusa, na kugusa hakuwezi kusahihishwa.

*

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa Mama Skola. Nilimkuta barazani akipepeta mchele. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea na ungo wake. Barua ya pongezi nilikuwa nayo mfukoni. Nilikusudia kumwonyesha, nimwambie kwamba sifa zile ni zake. Nilipoishika niliona bora ibaki huko huko.

Nikamweleza nilivyofanya.

"Fides amerudi?" aliuliza.

Nikamwambia hajarudi. Chuo kilimtumia taarifa kwenye anwani yake ya barua pepe ya chuo, ambayo ilifungwa siku alipofukuzwa. Nilikwishaulizia bwenini kwake. Mwenzake wa chumba alisema Fides alikwenda mpakani kutafuta kazi za ndani, na kwamba alipokuwa akifunga sanduku alirudia neno moja tu, kwamba labda hakuwahi kuwa na akili, walimu walikuwa wanamhurumia.

Mama Skola aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akatoka na daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, limejaa majina na namba za simu za ndugu wa wanafunzi wake, wa kila mwaka. Alifungua ukurasa, akapitisha kidole.

"Huyu ni mama yake mdogo, anaishi huko mpakani," alisema. "Piga wewe."

Mara ya kwanza simu haikupokelewa. Mara ya pili iliita mpaka ikakaribia kukatika, kisha akaitika mwanamke. Nikamwomba Fides. Kulikuwa na kelele za vyombo, mtoto akilia, mlango ukifungwa, halafu sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliyezoea kuagizwa.

"Nani mwenzangu?"

Mama Skola alikuwa ananitazama. Nikamtajia yule binti jina langu, na kabla sijampa habari njema nikamwambia kwanza nilichomfanyia.